Simba wa Kushoto

Ukimpelekea Fundi kitambaa kilichodariziwa na mtu mwingine, hakuangalia maua. Alikigeuza upande wa nyuma kwanza, akakisogeza karibu na pua. Mbele, alisema, kila mtu amevaa nguo ya Jumapili. Nyuma ndiko mafundo yanakojificha, ndiko uzi unakorukishwa kwa uvivu kutoka ua hili hadi lile. Nilimwona siku moja akimwambia mama ambaye hakuwahi kumwona maishani, kwa kutazama tu nyuma ya kitambaa cha kochi, "Huyu alishona hii akiwa na mtoto mgongoni. Kila baada ya mishono kumi na kitu kuna mmoja umevutwa. Hapo mtoto alikuwa anapiga teke." Yule mama alikuwa amekishona mwenyewe. Alituangalia kama mtu aliyekamatwa akiiba, halafu akacheka mpaka akakaa chini.

Mimi nilikuwa nauza mitumba Busia, upande wetu wa Kenya, hatua chache kutoka kwenye geti la forodha, na kibanda changu kilipakana na veranda ya Fundi. Tulikaa hivyo karibu miaka yote ya tisini. Sijui alizaliwa lini, na sikuwahi kumsikia akitaja mume. Nilichojua ni kwamba alitoka Marachi, kwamba sindano yake ya kazi alikuwa anaichomeka kwenye kola ya blauzi, na kwamba alikunywa chai saa nne kamili hata kama rais angekuwa anapita barabarani.

Kazi yake kubwa ilikuwa vitambaa vya makochi, kwa sababu wakati huo nyumba isiyo na vitambaa vya makochi ilihesabiwa kuwa haina mwanamke. Lakini hakuchagua. Siku za soko la Malaba alijitwika furushi akaenda kuwauzia madereva wa malori waliokuwa wamelala foleni siku tatu wakingoja karatasi zao. Aliwadarizia pazia fupi za kutundika juu ya kioo cha mbele, zenye matamvua, jogoo wawili na maneno kama "Nitarudi" au "Mama Usilie". Dereva mmoja alikaa miaka miwili bila kuonekana, halafu akaja mpaka Busia kumtafuta, akamweleza jinsi alivyosimamishwa kwenye kizuizi huko Kongo, akanyang'anywa kila kitu mpaka viatu, lakini askari wakaiacha pazia mahali pake baada ya kuitazama. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Unaifua na maji ya moto ama ya baridi?" akamuuliza.

Alidarizi pia mito ya baiskeli za boda. Vijana waliobeba watu kuvuka mpaka walishindana kwa mito, na aliyekuwa na mto wa Fundi hakukosa abiria. Nilimwambia ni aibu, maua mazuri kama yale kukaliwa na kila mtu. Akasema makalio nayo yana heshima yake. Nyumbani kwake lakini hakukuwa na kitambaa hata kimoja. Benchi tupu, meza tupu, ukuta mtupu. Na kanisani, mahali ambapo kitambaa cha madhabahu kilikuwa kazi ya mkono wake, alikwenda kwa nadra sana, kwa sababu alijijua: angekaa ibada nzima akiangalia pindo la joho la mchungaji.

Mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake, na kosa hakukubali. Mke wa mwalimu mkuu mmoja alirudisha kitambaa cha meza akilalamika kwamba ndege wameinama upande. Fundi hakubishana. Alifunga kazi, akaenda na yule mama mpaka nyumbani kwake, akaweka punje ya mahindi katikati ya meza. Punje ikabingirika ikaanguka sakafuni. "Ndege wangu wako sawa," akasema. "Meza yako ndio inateremka." Akarudi zake. Katika miaka ile yote sikuwahi kumsikia akisema "nimekosea", wala "samahani", wala "sijui". Nilidhani hakuwa na maneno hayo.

Mpaka ilipokuja ile nguo.

Ilitoka kwenye belo langu mwenyewe. Lilikuwa belo la mapazia na vitu vya nyumbani, na wenzangu walikuwa wamenizunguka wakisubiri nikate kamba ili wachukue kamera, yaani vile vizuri vya kwanza kabla hatujafika kwenye fagia, yale mabaki ya mwisho. Chini kabisa, katikati ya mashuka, nikavuta kitu kizito cha mahameli, rangi ya zambarau iliyoiva. Kilikuwa kama gauni la mtoto lisilo na mikono, wazi chini, limefungwa juu. Na huko juu, mahali pa shingo, kulikuwa na mashimo mawili ya mviringo.

Watu walicheka sana. Mmoja akasema ni gauni la mapacha. Mwingine akasema wazungu wanafunika nayo cherehani. Mwenye baa ya jirani akasema hapana, hiyo ni ya kufunika redio yenye eriali mbili, na yeye ana redio, nimpe. Hakuna aliyeitazama vizuri. Mbele ilikuwa na taji la dhahabu, na chini ya taji simba wawili wamesimama kwa miguu ya nyuma, wakitazamana, kila mmoja amelishika taji kwa mkono mmoja. Chini ya simba kulikuwa na mistari minne ya herufi ambazo si zetu na, kwa mujibu wa Mwislamu aliyeuza viatu, si za Kiarabu pia.

Fundi alitoka verandani na kikombe chake cha chai. Akakiweka chini, na saa nne ilikuwa haijaisha. Aliichukua ile nguo kutoka mkononi mwangu bila kuomba, akaigeuza, akakuta bitana. Bitana ilikuwa imeachia upande mmoja kwa uzee. Basi akaingiza kichwa chake ndani. Kichwa chote, mpaka mabegani, katikati ya soko, watu wakimwangalia. Alikaa humo muda mrefu hata wenye kucheka wakachoka.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Nani ameshona hii?"

"Fundi, imetoka ng'ambo. Mimi nitajuaje?"

"Sikuulizi imetoka wapi. Nauliza ni nani." Akakaa juu ya belo, akanivuta nikae. "Angalia hapa ndani. Unaona dhahabu?"

Sikuona. Mbele simba walikuwa wamejaa dhahabu, wamevimba kama wana nyama. Nyuma hapakuwa na dhahabu hata uzi mmoja. Palikuwa na vidoti tu, maelfu ya vidoti vya uzi mwembamba wa hariri, vimepangwa sawasawa kama vimepimwa.

"Dhahabu imeingilia wapi? Imetokea wapi?" akasema. "Miaka hii yote nashona, dada, na sielewi huyu mtu alifanya nini." Halafu akapitisha kidole kwenye mstari wa matundu madogo yaliyokuwa yametengeneza upinde kwenye mahameli. "Na hii. Hizi tundu ni za zamani kuliko simba. Hii ilikuwa kifua ya gauni. Mwanamke mwembamba, mrefu. Mtu alifumua gauni yake, ndio akatengeneza hii."

Nilimwambia mwenye baa atafute kitu kingine cha kufunikia redio yake, nikampa Fundi ile nguo bure.

Wiki tatu zilizofuata hakumtukana mtu. Tulidhani ni mgonjwa. Kila siku saa nne aliitoa kwenye foronya safi, akaitandika mapajani, akainywea chai. Hakusema ni nzuri. Alikuwa akitikisa kichwa tu, na mara moja nikamsikia akisema polepole, "Wewe mama, wewe," na hakuwa anasema na mimi.

Sasa lazima nieleze jambo moja kuhusu mafundi wa kwetu. Hakuna aliyefundishwa darasani. Fundi suti wa Busia alijifunza suti kwa kuchukua koti la mitumba, akalifumua mshono kwa mshono, akatazama kila kipande kimelala vipi, akakata chake, halafu akalirudishia lile la kwanza kama lilivyokuwa na kuliuza. Hivyo ndivyo elimu ilivyofika kwetu, kwa kufumua na kurudishia, na mtu hakuwa akiomba ruhusa kwa sababu mwenyewe alikuwa mbali na kitu hakikuharibika. Fundi alikuwa amefumua vitu vingi sana maishani mwake, na vyote alikuwa amevirudishia.

Mchana mmoja mvua ilinyesha, soko likafungwa na matope, nikavuka kwenda verandani kwake kukaa. Nikamkuta ameketi na wembe mkononi. Simba wa kushoto hakuwepo. Mahali aliposimama, mahameli ilikuwa bado na rangi yake ya kwanza, rangi nzito, kwa hiyo kivuli chake kilionekana chote, manyoya, mkia, kucha. Kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia kulikuwa na nyuzi za dhahabu, nyingi zimekatika vipande vifupi. Na juu ya leso yake kulikuwa na vumbi la rangi ya kahawia.

"Alikuwa na karatasi ndani," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Karatasi ngumu, imekatwa umbo la simba. Dhahabu haipiti kwa kitambaa. Inalala juu ya karatasi, inaenda, inarudi, na ile hariri inaifunga kila pembeni. Nimeelewa sasa. Nimeelewa kabisa." Akainua leso kidogo, vumbi likateleza. "Lakini karatasi imekuwa hivi. Niliigusa tu."

"Utarudishia."

Siku nne hakufungua kazi. Aliwaambia watu ana malaria.

Baada ya hapo hakuitoa tena ile nguo saa nne, na mimi sikuiuliza. Ukali wake ulirudi, tena mara mbili. Mwaka ukapita hivyo.

Kulikuwa na mzee mmoja wa upande wa Mbale aliyevuka kila muhula kununua mashati meupe ya wanafunzi wake. Alivaa kofia ndogo ya kufuma, kwa hiyo sokoni walimwita Hajj, naye kila mara alijibu kwa upole kwamba yeye ni Myahudi, kwamba huko kwao vilimani wako wengi, babu zao walishika dini hiyo tangu zamani, na watu wakaendelea kumwita Hajj. Mimi nilimwita Mwalimu. Siku moja alikuwa anachagua mashati, na mimi, kwa kutaka tu maongezi, nikamuuliza kama kwao wanatumia simba na taji, maana niliwahi kupata nguo ya ajabu yenye mashimo mawili juu.

Akaweka mashati chini.

"Mashimo mawili?"

"Mawili."

"Nyabo, nipeleke iliko," akasema, akiniita mama kwa Kiganda.

Fundi alimtazama mgeni, akanitazama mimi kwa jicho ambalo lingeweza kunitoboa, lakini akaingia ndani akaleta foronya. Aliitandika nguo kwa ujanja, upande wa kushoto ameukunja chini, ukaonekana simba mmoja na nusu ya taji na zile herufi. Mwalimu alinawa mikono kwanza kwenye mtungi wa verandani. Akasimama mbele ya ile nguo, mikono imening'inia.

"Ni ya nini?" Fundi akauliza.

"Ni gauni la Torati."

"Kitabu kinavaa?"

"Kinavaa, nyabo. Torati yetu si kurasa, ni ngozi ndefu imeviringishwa juu ya miti miwili. Miti ndiyo inatokea hapa juu, kwa haya mashimo. Tunaivisha kama unavyomvisha mtu mkubwa wa kuheshimiwa. Ina gauni, ina mkanda wa kiunoni, wengine wanaiwekea taji. Na nyumba inamokaa ina pazia yake, nayo imedariziwa." Alikuwa anasema haraka kama anayeogopa kusahau. "Kuna nchi ambako mtoto wa kiume akitahiriwa, kile kitambaa alichofungwa siku hiyo mama anakikata vipande, anaviunga, anadarizi jina la mtoto, na ndicho kinakuwa mkanda wa Torati. Mimi hizi nimezisoma na kuonyeshwa picha na wageni. Kwa macho yangu sijawahi kuona."

"Na gauni ya mwanamke?" Fundi akauliza. "Mnatengeneza hii na gauni ya mwanamke?"

Mwalimu akamgeukia. "Nani alikwambia? Ndiyo. Gauni la arusi, mara nyingi. Nguo ya kawaida inaweza kupanda ikawa takatifu. Ila ikishapanda haishuki tena. Haiwi mto, haiwi kofia. Hata ikichakaa hatutupi, tunaizika kwenye ardhi kama mtu."

Halafu akasoma zile herufi, akifuata kwa kidole bila kugusa, kutoka kulia kwenda kushoto, na ilimbidi ainue ukunjo kidogo kufikia mwisho wa mstari. Fundi akaushika ukunjo usifunguke zaidi. Mwalimu alituambia kwamba nguo ilitolewa na baba na mama kwa kumbukumbu ya binti yao Hana, aliyeaga dunia akiwa bado bibi arusi. Mwaka ulikuwepo pia. Akahesabu kwa vidole akasema ni zaidi ya miaka mia moja.

"Hana," Fundi akasema. Akalirudia tena.

"Na ilifikaje kwa mitumba?" nikauliza mimi.

Mwalimu akaitazama tena ile nguo. "Kitu kama hiki wenyewe hawakitoi, nyabo. Huko Ulaya kulikuwa na miji mizima ya Wayahudi, na vita ikaja, wakauawa. Vitu vilibaki. Nafikiri hakukuwa na mtu wa kukiambia kitu hiki ni nini."

Hapo ndipo alipoona ukunjo. Aliuinua, na kile kivuli cha simba kikatokea.

"Hapa kulitokea nini?"

"Panya," Fundi akasema papo hapo.

Mwalimu akatikisa kichwa kwa huzuni. Alisema panya wako kila mahali. Akaomba kwa heshima zote kama anaweza kuichukua, na mimi na Fundi tukasema ndiyo, ni yenu. Akaikunja kwenye foronya, akaibeba kwa mikono miwili kifuani, akatuaga, akateremka ngazi ya veranda. Alikuwa amefika kwenye mtaro wa barabara.

"Mwalimu," Fundi akaita.

Akageuka.

"Haikuwa panya."

Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya veranda, na nakumbuka niliishika kwa nguvu.

"Nilifumua mimi. Na wembe. Nilitaka kujua huyo mama alishona namna gani. Nilifikiri nitarudishia." Alikuwa amesimama wima, mikono imekaza leso. "Nimekosea."

Mzee alirudi, akapanda ngazi, akaketi kwenye kiti cha wateja na foronya mapajani. Hakukasirika, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Boda wakapita, mama wa ndizi akapita, mtu akaniita kutoka kibandani kwangu nikamwashiria angoje.

"Unaweza kumrudisha?" akauliza mwisho.

"Sijui."

Mwalimu akaifikiria ile sijui. Halafu akainuka, akamwekea foronya mikononi. "Kama angekuwa amesema anaweza," aliniambia baadaye tukihesabu mashati, "ningeondoka nayo."

Kuanzia siku hiyo Fundi hakupokea kazi nyingine ila ya kumpatia unga. Wateja wa makochi walikasirika wakahamia kwa wengine. Alikuwa na simba mmoja wa kumfuata, yule wa kulia, lakini huyo alitazama upande wa pili, kwa hiyo alimchora kwenye karatasi ya mafuta na kumgeuza. Karatasi ngumu hakuitaka tena. "Ile imeoza kwa miaka mia," alisema. "Ya kwangu itaoza lini?" Akaenda kwa mtengeneza ngoma akaomba ngozi ya mbuzi iliyokwanguliwa mpaka ikawa nyembamba. Alipomuuliza Mwalimu kama ngozi inaruhusiwa, mzee akacheka kwa furaha, akasema Torati yenyewe imeandikwa juu ya ngozi, sembuse simba. Ila akamwambia kwamba wao hawachanganyi sufu na kitani kwenye vazi, ni amri, na yeye hangependa amri hiyo iguswe hapa pia. Tangu hapo Fundi alichoma ncha ya kila uzi kwa kiberiti kabla ya kuutumia, akanusa. Ukinuka nywele ni sufu, ukinuka karatasi ni kitani au pamba, na akiwa na wasiwasi aliutupa. Nadhani hakuna mcha Mungu aliyeishika amri ile kama yeye.

Dhahabu ndiyo iliyosumbua. Ile ya zamani ilitosha kichwa na kifua. Miezi saba nilifungua mabelo nikitafuta dhahabu, nikivuta kila kitu kilichong'aa, mpaka nikapata sari kuukuu yenye pindo la uzi wa dhahabu halisi. Fundi aliufumua wote. Uling'aa mno, ulikuwa kijana mbele ya ule mzee, basi akauning'iniza jikoni kwake juu ya moshi wa kuni, akauangalia kila asubuhi kama mtu anayeangalia samaki, mpaka rangi ikatulia.

Alishona na kufumua kichwa cha yule simba mara sita. Nilihesabu. Kila alipofumua nilitaka kulia, kwa sababu kwangu kilikuwa sawa. "Huyu hatazami mwenzake," alisema. "Huyu anatazama ukuta." Mikono yake ilianza kutetemeka jioni, kwa hiyo alishona asubuhi tu, mwanga ukiwa safi, na dole gumba likapasuka kwa kuvuta hariri. Nilikuwa nimezoea kumwona mjuzi. Sasa nilimwona mwanafunzi, mwanamke mwenye mvi, akifundishwa na mtu ambaye hajui jina lake, aliyekufa kabla bibi zetu hawajazaliwa, na sijawahi kuona kitu kilichonipa heshima namna hiyo kwa binadamu. Nilikuwa nikipita nyuma yake kwa ncha za miguu.

Torati ya akina Mwalimu ilikuwa fupi, kwa hiyo nguo ingeburuta. Fundi hakukata hata uzi. Aliipandisha kwa ndani, akaishikiza, ili siku wakipata Torati ndefu waiteremshe.

Tuliipeleka mwaka wa mvua zile kubwa za El Nino, barabara zikiwa zimekatika, huko Rukala watu wanalala juu ya mapaa kwa mafuriko. Tulizunguka tukavukia Malaba. Afisa wa forodha akataka tufungue furushi.

"Hii ni bidhaa, mama?"

"Ni nguo. Mwenyewe anaingoja."

Akafunua foronya. Akaita mwenzake aje aone. Walisimama wawili juu ya ile nguo, malori yanapiga honi nyuma yetu, mpaka yule wa kwanza akaifunika mwenyewe. "Funga vizuri, mama," akasema. "Isinyeshewe."

Nyumba yao ya ibada ilikuwa ya matofali, juu ya kilima, na viatu viliachwa mlangoni. Ilikuwa Jumamosi. Fundi alikataa kuketi mbele alikowekewa kiti, akasimama ukutani karibu na mlango, leso imemfunika mpaka kidevuni. Mimi nikasimama naye. Waliimba, Kiganda na lugha yao ya dini, watu wazima na watoto, halafu wakalifungua sanduku inamokaa Torati, na Mwalimu akaitoa ikiwa imevaa.

Nguo nilikuwa nimeiona mapajani, mezani, kwenye foronya. Sikuwa nimeiona imevaliwa. Ilikuwa na mabega. Simba wawili walikuwa wamesimama wima na taji katikati yao, na dhahabu yote ilikuwa dhahabu moja. Nikaona watu wakisukumana taratibu kusogea.

Mwalimu alianza kuzunguka nayo chumbani ameiegemeza begani, na kila alipopita watu walinyoosha mkono wakaigusa, halafu wakabusu vidole vyao. Wazee, wasichana, mtoto aliyeinuliwa juu na baba yake. Wengi waligusa wale simba. Fundi akarudi nyuma mpaka mgongo ukafika ukutani.

"Mimi hapana," akaninong'oneza. "Mikono hii ndio ilimfumua."

Lakini Mwalimu alikuja moja kwa moja mpaka pale, akasimama mbele yake. Aliigeuza Torati kidogo, simba wa kushoto akawa karibu kabisa naye, akangoja. Kuimba kuliendelea, na watu waliokuwa nyuma wakangoja pia.

Fundi alitoa mkono kwenye leso. Aliupitisha mbele ya simba wake mwenyewe bila kumgusa, akaupeleka upande wa pili, akauweka wazi juu ya yule wa kulia, yule ambaye hakuna mtu aliyewahi kumfumua.

"Mulembe, fundi," akamsalimu yule mama aliyemshona, kwa neno la amani la kwao Marachi.

Kisha akavibusu vidole vyake.